Mei au Septemba?

Nimeanza kusema kwa watu kwamba nataka kutembea kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania, na kila ninayemwambia hapa Bagamoyo ananipangia mwezi. Wengi wanasema Januari, jua limetulia na mvua hakuna. Wanapiga hesabu ya pwani yetu.

Njia ninayoitaka inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, inapanda milima ya Pyrenees na kukata kaskazini mwa Hispania hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo. Ni kama kilomita 780. Januari niliifuta mapema: njia ya juu milimani hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, na nyumba nyingi wanazolala mahujaji hufunga milango. Mimi hata kipupwe cha Julai hapa Dunda kinanitoa na sweta.

Julai na Agosti zilinisumbua kidogo, maana kwetu ndiyo miezi mitamu. Kule ndiyo joto lenyewe. Kati ya Burgos na León kuna uwanda uitwao Meseta, mashamba ya nafaka mpaka macho yanachoka, na kivuli unakitafuta kwa tochi. Tena sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ni tarehe 25 Julai. Ikiangukia Jumapili, kama itakavyokuwa 2027, mwaka mzima unakuwa Mwaka Mtakatifu na watu wanafurika. Wapo wanaoona baraka iko hapo hapo kwenye msongamano. Mimi jioni nataka kitanda.

Zikabaki Mei na Septemba. Kwa hali ya hewa hazipishani sana, na mvua ya Galicia, kule mwisho wa njia, haina adabu ya mwezi. Kilichoamua ni barabara ya hapa nyumbani. Anayeondoka Mei lazima afanye mazoezi Machi na Aprili, masika yamekolea. Toka mjini uelekee Kiromo wakati huo uone: pembeni tope, katikati malori, bodaboda wanakupigia honi wakidhani umekosa nauli. Soksi ikilowa, ngozi ya kisigino inalainika, raba inasugua, na jioni una malengelenge ya kukuweka ndani wiki nzima. Anayeondoka Septemba ana Juni, Julai na Agosti, ardhi kavu, asubuhi ya baridi. Kwenda Kiromo kusi inakupiga usoni, kurudi inakusukuma mgongoni, kwa hiyo mguu unapochoka ndipo unasaidiwa.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu hapa nao walipanga safari kwa kutazama mvua na shamba. Njia ya kutoka Ujiji ilikuwa kama kilomita 1,200, mzigo begani. Nikikumbuka hilo, naona aibu kulalamikia begi la nguo.

Mzee mmoja jirani, aliyekwisha kuhiji Makka, alinikuta barazani na karatasi zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado unachagua tu? Sisi mwezi tumepangiwa, Dhulhija, na uje na jua lake."

Kweli. Kalenda ya Kiislamu inatangulia siku kama 11 kila mwaka, hivyo hija yao hupita misimu yote. Mwaka 2024 iliangukia Juni, joto likapita nyuzi 50, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Aliniambia hayo bila kunitisha, kisha akauliza jua la huko kwenye Septemba yangu linachomoza saa ngapi. Nikamwambia katikati ya mwezi, kule Galicia, ni kama saa mbili asubuhi kwa saa zao.

"Saa mbili! Mimi nimeshamaliza chai na vitumbua."

Tulicheka, lakini swali lake limenifaa. Mahujaji wengi huanza mwendo mapema wawahi kitanda, maana yake Septemba wanatembea gizani. Taa ya kuvaa kichwani imeingia kwenye orodha, na mazoezi ya Juni nitayaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Hispania na Ufaransa, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo makaratasi nitayahangaikia humo humo kwenye masika, wakati pa kutembea hakuna.