Jinsi Nilivyoacha Kukariri Makoloni Kumi na Matatu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa chuo nchini Marekani, tulitakiwa kuandika insha kuhusu tofauti za kimaeneo kati ya makazi ya mwanzo ya Waingereza katika Amerika ya Kaskazini. Niliyapanga makoloni yote kumi na matatu, kila moja na mwaka wake na mwanzilishi wake, kama nilivyozoea kujibu mitihani nyumbani Tanga. Insha ilirudi na alama za aibu, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwamba nimeorodhesha, sikueleza.

Kilichonikwamua ni mkonge. Babu mzaa baba alifika Tanga akiwa manamba, amefungwa na mkataba, akaishi kambini. Upande wa mama, Kilimanjaro, kila familia ililima kahawa katika kihamba chake. Zao moja lilizaa makambi, jingine liliwaacha watu migombani kwao. Basi kila koloni nikaliuliza maswali mawili: liliuza nini, na kazi ilifanywa na nani?

Virginia ilijibu upesi. Jamestown ilianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya London iliyotaka faida, ikapeleka wanaume na wavulana wapatao 104, bila mwanamke, kando ya kinamasi ambako wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Iliokolewa na tumbaku, ambayo John Rolfe alianza kuijaribu takriban mwaka 1612. Kwa kuwa tumbaku huchosha ardhi na hutaka mikono mingi, watu walitawanyika kando ya mito, miji ikawa michache, na kazi ikafanywa kwanza na vijana maskini wa Kiingereza waliotumikia mkataba wa miaka minne hadi saba ili kulipia nauli yao. Hao niliwatambua mara moja. Lakini ulinganisho huo niliuacha nilipofika kwa Waafrika walioshushwa Point Comfort, pwani ya Virginia, mwaka 1619, kwani sheria ya Virginia ya mwaka 1662 iliamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake, awe mtumwa au huru. Hakuna manamba aliyezaliwa na mkataba shingoni.

Massachusetts ndiyo iliyonisumbua. Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, waliofika na kiongozi wao John Winthrop mwaka 1630 walikuja kifamilia ili waabudu watakavyo wao, wala si ili mwingine aabudu atakavyo: mhubiri Roger Williams alifukuzwa kwa mawazo yake, akaanzisha Providence mwaka 1636. Insha yangu ya kwanza ilikuwa imeandika "dini" na kuishia hapo. Sasa niliona kwamba baridi na mawe ya mashambani viliwanyima zao kubwa la kuuza, lakini baridi hiyohiyo iliwaepusha na malaria iliyowaua wenzao wa kusini, hivyo watoto walikua na wazee wakawaona wajukuu. Walikaa pamoja kulizunguka kanisa, na sheria ya mwaka 1647 ilitaka kila mji wenye kaya 50 umweke mwalimu wa kufundisha kusoma na kuandika. Walivua samaki, wakaunda merikebu, na sehemu ya samaki hao wakaiuza katika visiwa vya miwa vya Karibi kuwa chakula cha watumwa, kwa hiyo mikono yao haikuwa mitupu ya dhambi ile.

Pennsylvania ya William Penn, muumini wa madhehebu ya Quaker, ilijieleza kwa ngano na kwa Wajerumani wengi iliowapokea. Carolina ya Kusini ilianza mwaka 1670, na baadhi ya waanzilishi wake walitoka Barbados wakiwa tayari na watumwa, mpunga ukaitajirisha.

Georgia ilipiga marufuku utumwa mwaka 1735, kwa kuwa wadhamini wake walitaka Waingereza maskini wajilimie wenyewe na kuulinda mpaka dhidi ya Wahispania wa Florida. Walowezi waliwatazama jirani zao wakineemeka kwa mpunga ng'ambo ya mto Savannah, wakalalamika miaka mingi, na marufuku ikaondolewa kufikia mwaka 1751. Hiyo ndiyo aya niliyoiandika kwa urahisi kuliko zote.

Insha ya pili ilieleza makoloni matano tu. Connecticut na Delaware sikuzitaja kabisa, na mwalimu hakuziulizia.