Nashukia Fire

Wiki hii mdogo wangu kanipigia simu. Ameajiriwa juzijuzi tu, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta toka asubuhi mpaka jioni, na mgongo umeshaanza kumsumbua. "Dada, wewe muda wa mazoezi unautoa wapi?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu salio lake lilikuwa linakaribia kwisha. Swali lenyewe limenikaa kichwani siku zote hizi. Leo watoto wamewahi kulala, acha niandike jibu lote.

Muda huo haupo. Nimeupigia hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Natoka nyumbani Kimara saa 12 kasoro asubuhi, saa 2 niko mezani. Natoka ofisini saa 11 jioni, nafika nyumbani saa 1 usiku ikiwa barabara imetulia. Kuanzia hapo kuna daftari za shule za kukagua, kuna chakula, kuna sare za kesho. Saa 4 nalala. Ukilitazama jedwali hilo kutafuta saa moja iliyo wazi, utalitazama mpaka ustaafu.

Wengi wa wenzangu wa ofisini huanzia hapo hapo kwenye kutafuta saa iliyo wazi. Januari mtu analipia jimu, anapanga kwenda kila jioni akitoka kazini, na wiki za mwanzo anakwenda kweli. Halafu mtoto anapata homa, au bosi anaitisha kikao saa 10, au kuna msiba mtaani. Siwalaumu hata kidogo. Jioni ya mtu mwenye familia ina wenyewe, na wenyewe wana haki nayo.

Ninachokiamini kwa dhati ni hiki: mtu wa kazi ya mezani asitafute muda mpya. Achukue muda ambao tayari ni wa lazima, ule ambao atautumia apende asipende, auingize mwili humo. Kwangu mimi muda huo ni safari ya kwenda kazini. Hata siku ambayo sina hamu ya kitu chochote, kazini nitakwenda.

Kwa hiyo basi la mwendokasi linanichukua Kimara Mwisho, na badala ya kukaa mpaka Posta ya Zamani, ambako ni jirani kabisa na ofisi, nashukia kituo cha Fire. Kutoka pale natembea. Napita chuo cha DIT wakati wanafunzi wanaingia na mabegi yao, navuka barabara ya Bibi Titi Mohamed, nashika njia ya Kisutu. Akina mama lishe wanakuwa wameshabandika supu, na harufu ya maandazi inafika kabla hujaiona meza yenyewe. Natembea mwendo ambao naweza kuongea na mtu ila siwezi kuimba, maana hicho ndicho kipimo rahisi cha mwendo wa wastani na hakihitaji saa ya mkononi wala simu. Nikifika mlangoni kwetu nusu saa imeshapita na jasho limeshanitoka.

Hilo jasho ndilo linalowakatisha tamaa wanawake wengi niliowashawishi. Dar si mji wa kutembea ukafika mkavu, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, jua likitoka tu limeshakuwa kali. Mimi natembea na fulana na raba, nguo ya kazini ninayo kwenye begi imekunjwa ndani ya khanga isijikunje, na viatu vya ofisini haviondoki chini ya meza yangu. Kuna taulo dogo, sabuni na kopo la maji. Nafika robo saa kabla ya watu, najifuta chooni, nasubiri kidogo mwili upoe ndipo nivae. Ukivaa haraka utalowa tena, na blauzi itakuumbua mbele ya wateja. Hiyo robo saa ya kupoa ni sehemu ya mazoezi, ihesabiwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Wanaoisahau ndio wanaoacha.

Siku za kwanza wenzangu wakiniona barabarani walikuwa wakiniuliza, "Mama, basi limeharibika?" Siku hizi kuna kaka mmoja wa idara ya ununuzi anashuka nami.

Yeye ndiye aliyetaka kujua kama kutembea tu kunatosha kuitwa mazoezi. Nilimsimulia habari ninayoipenda kuliko zote kwenye jambo hili, kwa sababu nayo ni ya mabasi. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Jerry Morris, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walifanya kazi kwenye basi lile lile, saa zile zile, katika mji ule ule. Dereva alikaa kutwa, konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Matokeo yalitoka mwaka 1953 katika jarida la The Lancet: makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris akawatazama na watu wa posta, akakuta hali kama hiyo. Waliokuwa wakisambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa salama zaidi kuliko makarani na wapokea simu waliokaa. Baadaye alizitazama hata sare za wafanyakazi wa mabasi, na suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni kuliko za makonda, hata kwa waliokuwa bado vijana. Hapo inabidi mtu aende taratibu, maana huenda wanene walichagua udereva tangu mwanzo. Lakini tafiti nyingi za baadaye zilikuja kuelekea upande ule ule, na Morris mwenyewe, aliyependa mazoezi, alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kinachonigusa pale ni kwamba makonda wale hawakuwa wakifanya mazoezi. Walikuwa kazini. Ngazi zilikuwa sehemu ya mshahara wao, ndiyo maana hawakuziruka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 mpaka 150 za shughuli ya kumtoa pumzi. Nusu saa ya asubuhi mara siku 5 za kazi ni dakika 150. Yaani kiwango cha chini kinakamilika kabla sijawasha kompyuta Ijumaa. Mwongozo huo uliondoa pia lile sharti la zamani kwamba kipande cha mazoezi kisipungue dakika 10, kwa hiyo hata ngazi za kwenda ghorofa ya masjala kuchukua faili zinahesabiwa. Lifti nimeiachia wageni na wajawazito.

Kuna jambo moja ambalo sitaki mdogo wangu alipuuze, nalo ni kukaa kwenyewe. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 1. Kwa wale wanaokaa zaidi ya saa 8 kwa siku, ile hatari ya ziada ya kufa mapema ilionekana kufutika kwa waliopata dakika 60 mpaka 75 za mwendo wa wastani kila siku. Hizo ni nyingi. Mimi sifiki huko kila siku, na sidhani kama mhasibu yeyote mwenye watoto wadogo anafika. Ndiyo maana nimeikamata na saa ya chakula cha mchana.

Hapa nasema kwa sauti, kwa sababu nawaona vijana wanakula wali maharage mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye kibodi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Ni haki yako, huombi fadhila ya mtu. Nakula, kisha natembea dakika 15 upande wa kivulini wa jengo. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana mwendo mfupi baada ya kula unasaidia sukari isipande sana. Na usingizi ule wa saa 8 mchana, unaomfanya mtu asome vocha moja ya malipo mara tatu bila kuielewa, kwangu umepungua kabisa.

Kwenye misuli ndiko moyo wangu uliko, na sababu ni baba. Alifanya kazi ya ukarani maisha yake yote, mtu safi, mwenye mwandiko mzuri, hakuwahi kunenepa. Nikienda kumsalimia sasa, akitaka kuinuka kunipokea, anaanza kwa kusogea mpaka ukingoni mwa kiti. Anashika mikono yote miwili ya kiti. Anavuta pumzi, anajisukuma, anarudi chini, anajaribu tena. Mimi nasimama pale na shikamoo yangu mdomoni, sijui nimshike mkono au nimwachie heshima yake. Mapaja yameisha. Misuli ya mtu huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini na kitu, na kama haitumiki inapungua kwa kasi zaidi.

WHO wanataka mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kutembea peke yake hakuyafidii. Yangu nayafanya nyumbani Jumanne na Alhamisi maharage yakiwa jikoni, maana maharage nayo hayana haraka. Nakaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika chochote, polepole, hasa wakati wa kushuka. Nasukuma ukuta, na siku nikiwa na nguvu nashuka kwenye mkeka napiga pushapu za magoti. Nainua dumu la lita 10 lenye maji, mkono huu kisha huu. Binti yangu ananihesabia, na akiona nimelegea anarudia namba ile ile mpaka niifanye vizuri. Baba naye tumeongea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali alimpa zoezi hilo hilo la kiti, aanzie kwenye kiti kirefu chenye mto, na mama anasimama karibu yake.

Jumamosi ni habari nyingine, ni raha. Mtaani kwetu kuna kikundi cha jogging, kama vilivyo vikundi vingi vya Dar, na tunatoka saa 12 alfajiri kukiwa kunapambazuka. Mwanamke akikimbia peke yake gizani anakimbia na hofu. Akiwa katikati ya watu arobaini wanaoitikia nyimbo za mchakamchaka, hofu inaisha. Mbele anatangulia kijana mwenye kibendera chekundu anayesimamisha bodaboda, nyuma yupo mzee mmoja mstaafu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa nchi nzima. Nilifurahi siku ile na bado nafurahi, ingawa mwili unahitaji zaidi ya Jumamosi moja kwa mwezi.

Sasa yale magumu, ambayo sikuyamaliza kwenye simu. Kazi ya uhasibu ina mawimbi yake. Tarehe 7 kodi ya mishahara iwe imelipwa, tarehe 20 ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iwe imekwenda, na siku za mwisho wa mwezi tunafunga hesabu mpaka saa 3 usiku. Wiki hizo zinajulikana mapema, ziko kwenye kalenda. Kwa hiyo nazipangia ratiba yake, ndogo makusudi: natembea asubuhi tu, dumu linapumzika, Jumamosi naweza kulala. Kinachobaki ni kile kipande cha asubuhi, na hicho sikigusi. Masika nako kuna utaratibu wake. Mvua ikiwa kubwa nakwenda mpaka mwisho wa safari, halafu napanda na kushuka ngazi za jengo kabla ofisi haijajaa. Mlinzi wa zamu anajua, ananisalimu kila ninapopita pale chini.

Mdogo wangu anaishi Tabata na kazi yake iko Upanga, kwa hiyo njia yangu haimfai. Nimemwandikia ujumbe anitajie vituo anavyopita, anaondoka saa ngapi, na kama ofisini kwao kuna pahali pa kubadilishia nguo. Akijibu kesho tutaipanga pamoja, aanze kwa kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi yao, siku 3 kwa wiki. Mimi wiki ijayo tunafunga mwezi, kwa hiyo viatu vya ofisini nimevipaka rangi leo na fulana mbili ziko kwenye begi tayari.