Nilivyoipata jezi ya Hasheem Thabeet na singleti ya binti wa Iten

Wakusanyaji wengi wa jezi zilizovaliwa mchezoni hapa Marekani hutafuta majina makubwa ya ligi za kulipwa, NBA ya kikapu na NFL ya futiboli ya Kimarekani. Mimi natafuta za vijana wa kwetu waliopita kwenye vyuo vya huku: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Hiyo ni historia yetu, na sehemu kubwa imelala kwenye makabati ya watu wasiojua hata Mwanza iko upande gani. Kwa miaka mingi niliyoitaka kuliko zote ni jezi namba 34 ya Hasheem Thabeet, ile ya Chuo Kikuu cha Connecticut.

Kwa waliokuwa wadogo wakati huo, Thabeet ni mchezaji wa kikapu, kijana wa Dar es Salaam, urefu wake mita 2.21, aliyecheza Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Juni 2009 alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya. Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. James Harden alikuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Ndiye Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Jezi zake za ligi ya kulipwa zinatafutika, maana ligi ina utaratibu wake wa kuziuza. Ya chuo ni shughuli nyingine kabisa.

Jezi ya chuo ni mali ya chuo. Mchezaji anaivaa, anairudisha kwenye kikapu cha nguo chafu, na mara nyingi msimu unaofuata anaivaa mwingine mwenye namba ileile. Na hata chuo kikimpa mchezaji jezi iwe kumbukumbu yake, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimkataza kuiuza maadamu bado anacheza. Alihesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa: analipiwa masomo, chakula na malazi, basi.

Watu waliumia kwa kanuni hiyo. Mwaka 2010 A.J. Green, mpokeaji hodari wa timu ya Georgia kwenye futiboli ya Kimarekani, aliuza jezi aliyoivaa kwenye mechi ya Independence Bowl kwa dola 1,000. NCAA ikasema mnunuzi anahesabika kuwa wakala, na Green akafungiwa mechi 4. Wakati yeye amekaa benchi, duka la chuo liliendelea kuuza jezi namba 8, namba yake, kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Mwishoni mwa mwaka huohuo wachezaji 5 wa futiboli wa chuo cha Ohio State walipewa adhabu ya kukosa mechi 5 za kwanza za msimu wa 2011 kwa sababu waliuza vitu vyao au kubadilishana kwa tatuu: jezi, pete za ubingwa, na kile kidani cha dhahabu chenye umbo la suruali wanachopewa wakiwafunga mahasimu wao Michigan. Kocha Jim Tressel, aliyejua habari hizo na kunyamaza, alijiuzulu Mei 2011, na ushindi wa msimu wa 2010 ukafutwa kwenye kumbukumbu.

Visa hivyo ndivyo vilivyonipa msimamo wangu tangu mwanzo: sinunui kitu kwa mchezaji ambaye bado anacheza, wala kwa mtu anayesema amekipata "chini kwa chini" kutoka kwa mchezaji. Niliwahi kuletewa jezi ya Mkenya mmoja mkimbiaji akiwa bado mwaka wa pili chuoni. Muuzaji alinihakikishia hakuna atakayejua. Nilikataa palepale. Mimi nikikamatwa ninapoteza dola zangu. Yule kijana anapoteza masomo, na akipoteza masomo viza nayo inakwenda.

Basi njia iliyobaki kwa jezi ya Thabeet ilikuwa kuitafuta kwa watu waliozipata jezi kihalali, kwenye minada ya hisani na mauzo ya vifaa vilivyokwisha kazi, miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Hapo tatizo linageuka: sasa unaogopa feki. Ukiandika jina lake mtandaoni utaletewa nyingi, na karibu zote ni za dukani, za mashabiki. Moja niliyoletewa ilikuwa saizi ya kunitosha mimi. Mtu wa mita 2.21 havai saizi hiyo; jezi za wachezaji warefu huongezwa urefu, na lebo huonyesha inchi zilizoongezwa.

Ile ya kweli niliipata kwa mzee mmoja wa Massachusetts aliyeanza kukusanya jezi za vyuo vya eneo la New England kabla sijazaliwa. Alikuwa nayo ya bluu, ya ugenini. Aliniambia ameinunua kwenye mnada wa hisani na karatasi ya mnada ameitunza. Karatasi ni jambo jema, lakini karatasi haivai jezi. Nilimwomba kwa heshima anipigie picha kwenye mwanga wa jua: namba mbele na nyuma, lebo, mishono ya kwapani, na kitambaa kikiwa kimegeuzwa ndani nje. Mzee wa watu hakuchoka. Kila nilichoomba alikituma siku hiyohiyo.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitaieleza taratibu kwa sababu watu wananiuliza sana. Kitambaa cha jezi ya kikapu kina vitundu vidogo mfano wa wavu. Namba hukatwa kwenye kitambaa kingine kisha zikashonewa juu yake, na fundi hawezi kuzishona mara mbili zikaangukia vitundu vilevile. Kwa hiyo mahali ukingo wa namba unapokutana na vitundu ni alama ya jezi hiyo moja tu duniani. Nilinunua picha za mashirika ya habari za mechi za msimu wa 2008 hadi 2009, zile kubwa ambazo ukizivuta hazipotezi sura, nikakaa nazo usiku kwa usiku.

Picha iliyonipa jibu inamwonyesha Thabeet ameinua mikono yote miwili kuzuia mpira, jezi imenyooka kifuani bila mkunjo. Nilianzia kwenye 4. Mguu wake wa chini, kona ya kulia, unakikata kitundu kimoja katikati, nusu kinaonekana na nusu kimefunikwa. Kilicho chini yake ni kizima. Kwenye picha za mzee, vivyo hivyo. Nikapanda kwenye 3: ncha ya juu inagusa ukingo wa kitundu bila kukifunika. Vivyo hivyo. Kisha mshono wa kwapa la kushoto, mahali uzi ulipopinda kidogo ukatoka nje ya mstari kabla haujarudi. Nilipouona mpindo huo pande zote mbili niliinuka kitini. Kitundu kimoja kinaweza kufanana kwa bahati. Vitatu na mshono uliopinda, hapana.

Nililipa dola 850. Wapo walioniambia ni nyingi kwa mchezaji ambaye NBA haikumwendea vizuri. Bei ya soko wanaijua wao. Mimi nanunua kijana wa Dar akiwa kwenye kilele chake, anazuia mipira zaidi ya 4 kwa mechi kwenye ligi ngumu kuliko zote za vyuo wakati ule.

Lakini kati ya dola hizo 850 hakuna hata senti iliyokwenda kwake, na miaka aliyoivaa jezi hiyo asingeruhusiwa kuipokea. Hilo lilinikera na linanikera bado. Ni jambo lilelile lililompeleka Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu cha vyuo wa 1995 na chuo cha UCLA, mahakamani mwaka 2009 baada ya kuona sura yake kwenye gemu ya video asiyolipwa chochote. Jaji Claudia Wilken alimpa haki mwaka 2014. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Shawne Alston, mchezaji wa zamani wa futiboli ya vyuo, na Julai mosi mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuingiza fedha kwa jina, picha na sura zao. Tangu Julai 2025 vyuo vinaweza hata kuwalipa moja kwa moja, mpaka kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Watoto wetu wengi hawakuingia kwenye sherehe hiyo. Wako huku kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu kufanya kazi ovyo nje ya chuo. Tangazo la biashara linaweza kuhesabiwa kazi. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote 2022 akiwa Kentucky, ilibidi asubiri timu yake iende Bahamas Agosti mwaka huo ndipo afanye mikataba yake akiwa nje ya mipaka ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima!

Kwa hiyo nilipomfahamu binti mmoja wa Iten, Kenya, aliyekuwa anakimbia mita 10,000 kwa chuo kimoja huku, niliamua safari hii fedha imfikie mwenyewe. Tulikutana kwenye mashindano, akasikia Kiswahili changu akaja kunisalimia. Nilipomwambia naitaka singleti yake, ile fulana ya kukimbilia, siku moja, alicheka.

"Anko, hiyo bado ni ya shule. Wakinipea nikimaliza, tutaongea."

"Usiharakishe, mwanangu. Wewe uliza kwanza ofisi ya kanuni ya chuo, tena wakujibu kwa maandishi."

Aliuliza. Jibu likaja kwa barua pepe: wanaomaliza hupewa singleti moja, na ikishakuwa yake na muda wake wa kuchezea chuo umekwisha, chuo hakina neno. Kuhusu viza alimwendea mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ambaye alimshauri asipokee fedha akiwa Marekani. Tukakubaliana kusubiri. Sikumpa zawadi, sikumlipia hata chakula cha mchana, na alielewa kwa nini.

Alipomaliza na kurudi Kenya alinipigia simu akiwa kwao. Bei alitaja yeye, nami sikuipunguza. Nilituma kwa M-Pesa, akaikabidhi singleti kwa binamu yake aliyekuwa anasafiri kuja Boston, ikiwa na barua ya mkono wake: mashindano aliyoivaa, tarehe, na picha yake akikata utepe. Bado ina pini mbili za kubandikia namba, moja imeanza kushika kutu na kuacha doa la kahawia kifuani. Sitalifua. Ndilo litakalomsaidia mtu wa baadaye kuilinganisha na picha.

Sasa natafuta ya Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyechukua ubingwa wa vyuo akiwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas El Paso na kuleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Picha za zama zile ni chache na hazina ubora wa kuhesabu vitundu, kwa hiyo nitategemea watu: waliokimbia naye, waliofua nguo za timu, waliopewa kitu wakakiweka. Mwenye fununu aniambie, iwe El Paso au nyumbani.