Siku yangu kwenye hadubini: kidonda kimoja, saratani mbili

Saa 12:30 asubuhi. Daladala 502 kutoka Bububu, Unguja, nimebanwa dirishani na kapu la mtu mapajani. Abiria akiniuliza kazi yangu nasema napima kwa hadubini vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa. Zamani nilikuwa nasema mpatholojia, naulizwa dawa ya vidonda vya tumbo.

Saa 2:00. Meza ya kukatia. Vinyama sita. Kimoja kimeletwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Kiliingia kikiwa laini, sasa kimekaza na hakitoki mdomoni. Naizungushia chupa kitambaa, naigonga kwa nyundo. Formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isiharibike, hupenya kama milimita 1 kwa saa, nayo inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa nyama yenyewe. Hii ilikuwa imelowana tu. Nje imeiva, katikati imeanza kuharibika. Nanung'unika peke yangu, nakata, naendelea.

Saa 4:00. Fundi ananiletea trei ya slaidi. Za mwanzo ni za mzee mmoja mwenye ualbino, mkulima wa mwani, aliyekatwa kidonda mbele ya sikio. Miaka yote hiyo juani, maji ya bahari yakimrudishia mwanga usoni, na ngozi isiyo na melanini, ile rangi ya ngozi, ya kutosha kumkinga. Wiki kadhaa nyuma kilikuja kipande chake kidogo, kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele, na jibu niliandika mimi: saratani ya ngozi aina ya basali. Hiyo hula pale ilipo na ni nadra sana kusafiri mwilini.

Slaidi ya kwanza inakubaliana na mimi. Visiwa vya seli za zambarau, na zile za pembezoni zimesimama ubavu kwa ubavu kama fito za uzio wa kuvulia samaki. Kati ya kisiwa na nyama ya jirani kuna ufa mweupe. Basali, haina mjadala. Mkono ulishashika kalamu.

Slaidi ya nne ikanirudisha kwenye kiti. Upande wa kulia rangi inageuka kuwa ya waridi, seli kubwa, pana, na katikati yake keratini, ile protini ngumu ya ngozi na kucha, imejiviringisha tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kilichokatwa. Hiyo ni skwamasi, saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo huwasumbua zaidi watu wenye ualbino wa Afrika. Hii husafiri. Kidonda cha mbele ya sikio kikiwa na skwamasi, lazima uipapase tezi ya mate iliyo pale na tezi zote za shingo.

Sasa kuna mtego. Ipo saratani moja yenye sura mbili, basali inayojigeuza skwamasi polepole, na ndani yake utaona seli za njiani, si hizi si zile. Kwa hiyo nikamwomba fundi aingie ndani zaidi ya bloku, yaani nta iliyoshika nyama, anipe vipande vingine vyembamba mno, vya maikroni 4. Nikaufuata mpaka wa zambarau na waridi, kipande kwa kipande. Za njiani sikuziona. Zambarau inaishia hapa, unapita utepe mwembamba wa nyama ya kawaida, waridi inaanza. Mbili, zimekutana. Hata hivyo bloku nimeiombea rangi ya BerEP4, ambayo basali huishika na skwamasi huikataa. Itavuka na boti kwenda Dar.

Saa 6:15. Naitoa kabatini slaidi ya zamani, ya kile kipande cha mwanzo. Kwenye kona kabisa, kuna chembe ya waridi. Labda keratini, labda uchafu wa maji. Siku ile nilishaipata basali, jicho likashiba.

Adhuhuri, sala, bakuli la urojo. Sikulimaliza.

Saa 8:00. Nampigia daktari wa upasuaji. Namwambia kwenye ukingo wa chini, upande wa skwamasi, nyama safi iliyobaki ni milimita 1 tu. Kimya. Kisha: "Shingo yake sikuipapasa vizuri, maana jibu lako la mwanzo…" "Najua, bwana. Ndiyo maana nimepiga mwenyewe." Atamwita kesho, aangalie tezi, aamue kama atamkata tena au atampeleka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa mionzi.

Saa 9:00. Binti wa mzee keshafika dirishani kufuata majibu. Kawaida hayo hutolewa na daktari wake, lakini daktari alishampigia simu na binti amechanganyikiwa.

"Shikamoo, Bi daktari. Baba ana kansa moja au mbili?"

"Marahaba, mwanangu. Mbili, kidonda kimoja."

Akafikiri kidogo. "Kama mwani wa kotoni na mwani wa spinosi umefungwa kamba moja?"

Miaka yangu yote ya kazi sijapata mfano kama huo. Nikamwambia ndiyo, na kila moja ina fundo lake.

"Na mimi mara ya kwanza nilichukua spinosi tu," nikaongeza. Sijui kama alinielewa.

Saa 10:00. Naandika ripoti ya nyongeza, ya zamani naiacha isomeke kama ilivyo. Kabla ya kufunga, napiga kliniki inayotuletea vinyama hivi. Kidonda kikubwa kama hiki, nawaomba, msilete punje moja ya pembeni. Vipande vitatu, sehemu tofauti.

"Vitatu? Na chupa je, daktari?"

"Usiguse za kikohozi. Kesho nakuletea mwenyewe."