Sifuri zilizonitia wasiwasi

Miezi mitatu mfululizo, sahani za agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria wanaotua kutoka hewani, nilizokuwa naziacha wazi pale chupa za dawa ya sindano zinapojazwa zilitoka bila kitu. Sifuri, sifuri, sifuri. Pale ni daraja A, eneo safi kuliko yote, hapatakiwi kuota hata koloni moja, yaani kidoa cha bakteria waliozaliana, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Meneja wa uzalishaji alinipenda sana kipindi kile.

Siku moja nikiokota sahani iliyokaa saa nne, nikaona agari imeachana na ukingo, juu imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikasimama nayo mkononi. Hewa inayotoka kwenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi na vijidudu, inashuka pale kama mita 0.45 kwa sekunde, haipumziki. Hata nguo ungeianika pale ingekauka. Na bakteria akitua pakavu haoti, hata kama yupo.

Nikasubiri mashine isimame, nikaacha sahani mpya wazi saa nne zilezile. Kisha maabara nikazipandia bakteria ninaowajua, wasiozidi 100 kila moja, na kando nikapandia nyingine zilizokuwa zimefunikwa muda wote. Siku tatu kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, nyuzi 32. Zilizofunikwa zilitoa koloni sabini na kitu. Zilizopigwa upepo: 19, 11, nyingine 23, tena vidogo, vya kutafuta kwa taa. Nilitaka angalau nusu.

Dawa yake ilikuwa rahisi hadi aibu. Tulikuwa tunamimina mililita 18 kwenye sahani ya milimita 90, kubana matumizi tu. Nikapandisha hadi 30, na sahani ikawa inabadilishwa kila saa mbili. Nikarudia jaribio, zikaota vizuri. Kilichonichosha ni kumshawishi meneja, maana kila anayeingia kubadilisha sahani ni mwili mwingine wenye ngozi inayopukutika.

Daraja A paliendelea kuwa safi, safari hii nikiamini. Ila wiki ya pili, kwenye chumba kinachopazunguka, sahani moja ilitoa koloni mbili za njano. Nikazipaka rangi ya Gram, ya kutambulia aina za bakteria, nikaangalia kwenye hadubini: viduara vinne vinne, Micrococcus, wa ngozi ya mtu. Kikomo cha pale ni 5, tulikuwa ndani.

Meneja akaja mbio. "Umekifanyia nini chumba changu?"

Nikamwambia twende kwanza tukaangalie glavu.