Kalibu ya silikoni kwa vipande vidogo: iachie hewa njia

Kipande kikitoka na pembe pungufu au gia ikakosa jino, rezini (plastiki ya maji inayomiminwa kwenye kalibu ikagande) ndiyo hulaumiwa kwanza. Mara nyingi kosa lilitokea kabla kopo halijafunguliwa: hewa haikuwa na pa kutokea.

Kwa hiyo kigeuzegeuze kipande cha asili, yaani kile unachotaka kunakili, kabla ya yote. Rezini iingie kwa chini na kupanda, na kila sehemu iliyoinuka ipate mfereji wake wa hewa, hata wa milimita 1. Hapa usifanye haraka.

Kisha zamisha nusu ya kipande kwenye udongo wa kufinyangia usio na salfa. Salfa huizuia silikoni ya platinamu (inayogandishwa na kichocheo cha platinamu) isigande, ikabaki inanata pale zilipogusana. Glavu za mpira wa asili huleta shida hiyohiyo, pia vipande vya printa ya rezini ambavyo havikuoshwa na kuanikwa vizuri kwenye mwanga. Vaa glavu za nitrili, na ukiwa na shaka jaribu tone moja kwanza mahali pasipoonekana. Silikoni ya bati, ambayo kichocheo chake ni bati, haisumbuliwi na salfa, ila husinyaa zaidi na huchakaa mapema hata ikihifadhiwa tu. Kwa vipande vinavyopaswa kuingiana sawasawa, chagua platinamu.

Bonyeza vishimo kwenye udongo ili nusu mbili zije kushikana, jenga kuta ukiacha sentimita 1 pande zote. Pima kwa mizani: sehemu mbili za silikoni huchanganywa 1 kwa 1 au 10 kwa 1, lebo itakuambia. Koroga ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, hamishia kikombe kingine, koroga tena. Mimina uzi mwembamba kwenye kona moja, uiache itambae yenyewe.

Ikishaganda, geuza, ondoa udongo, kipande kibaki humo humo. Kabla ya kumimina silikoni ya nusu ya pili, paka vaselini nyembamba juu ya silikoni tu. Ikigusa kipande, michirizi ya brashi itanakiliwa. Usipopaka, nusu mbili zitaungana moja kwa moja, kwani silikoni hushikana na silikoni.

Rezini ya poliyurethani ya haraka hukupa dakika 3 hadi 5. Haipatani na unyevu: kijiti kibichi au kopo lililoachwa wazi huifanya itoe povu. Vipande vyembamba havizalishi joto la kutosha kujigandisha vizuri, hivyo pasha kalibu hadi kama nyuzi 50. Fungua madirisha, na vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke.

Ukitumia mtungi wa shinikizo, bar 2.7 hivi huvifinya viputo vya rezini visionekane. Lakini silikoni yenyewe nayo igandie kwenye shinikizo hilo, au itolewe hewa kwa pampu (kwenye chombo chenye nafasi mara 4 ya ujazo wake, maana huumuka). La sivyo ukuta wa kalibu hubonyea ndani ya viputo vyake, na kila kipande hutoka na vipele vilevile, mahali palepale.