Kumbukumbu ya mradi: baa ya nyumbani ya miaka ya 1960, kuanzia glasi za dhahabu hadi toroli la msaji

Lengo ni baa kamili ya nyumbani ya kati ya 1955 na 1970, yenye vitu vya kutumika, si vya kufungiwa kabatini: toroli la Kidenmark la vinywaji, ndoo ya barafu, jagi la kuchanganyia na glasi za Kimarekani za aina mbili. Vyote vimepatikana Marekani, kwenye mauzo ya vyombo vya nyumba na maduka ya mitumba. Kumbukumbu inaanzia siku vilipopangwa mezani kukaguliwa, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Mtu ana hamu ya kuona kitu kinang'aa, anakimbilia dawa na msasa kabla hajajua ameshika nini.

Wiki ya 1: glasi

Ziko 14. Nane ni za Culver, mtindo wa Valencia, wenye vipande vya kijani vya umbo la almasi vilivyozungukwa na dhahabu. Sita ni za Libbey, mtindo wa Golden Foliage, majani ya dhahabu juu ya mkanda mweupe wa ukungu.

Culver ya Brooklyn, New York, ilikuwa kampuni ya kupamba. Ilichukua glasi tupu kutoka viwanda vingine, ikachapa mchoro, ikatia dhahabu ya karati 22 na kuichoma kwenye tanuri. Kwa hiyo umbo la glasi peke yake halithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni saini ya dhahabu "Culver" ubavuni. Za mwanzo zipo zisizo na saini, na hizo hutambuliwa kwa kulinganisha mchoro. Libbey, iliyohamia Toledo, Ohio, mwaka 1888, huweka herufi L ya mwandiko kitakoni. Kuhusu glasi zenye utepe wa fedha ukingoni, wauzaji wengi huziita zote "Dorothy Thorpe", jina la mbunifu wa Kimarekani wa glasi. Bila stika au alama yake, hilo ni dai tu, na bei ilipwe kama ya glasi isiyo na jina.

Kila glasi imepita majaribio matatu. La kwanza ni kupitisha ncha ya kidole polepole ukingoni, mzunguko mzima. Mng'ao wa dhahabu huficha pengo la nusu milimita machoni, lakini kidole hulikamata. La pili ni kuigonga kwa ukucha ikiwa juu ya kiganja na kulinganisha mlio wake na wa wenzake wa seti. Glasi nene hailii sana hata ikiwa nzima, hivyo ulinganisho ndio unaofaa, si mlio wenyewe. La tatu ni kuitazama dhidi ya dirisha ikiwa kavu kabisa.

Ukungu ndani ya glasi una sababu mbili, na tofauti yake ni pesa. Unaweza kuwa chokaa ya maji magumu, au kioo chenyewe kimeliwa na sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo. Mimina siki nyeupe ndani tu, iishie sentimita 1 chini ya ukingo ili isiguse dhahabu, na uiache dakika 30. Ukungu ukipungua, ni chokaa. Rudia mpaka uishe. Usipobadilika hata kidogo, uso wa kioo umeshaharibika na siki haitaurudisha. Tena, uso ulioharibika huonekana safi ukiwa umelowa, na wapo wauzaji wanaopaka mafuta kidogo ndani ili usionekane. Ingiza karatasi laini kavu usugue: ikitoka na mafuta, rudisha glasi mezani.

Matokeo: Valencia mbili zina mapengo, moja ina ukungu usiotoka. Golden Foliage zote ni nzima.

Sasa dhahabu. Tabaka lake ni chini ya maikroni moja, wakati unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 50 hadi 100. Hakuna cha kupiga brashi hapo. Kila unachokiona kimekwaruzika kimekwenda, na rangi ya dhahabu ya dukani ukiipaka juu yake huonekana kama plasta na kushusha thamani zaidi. Utaratibu uliofuatwa: taulo lililokunjwa chini ya beseni, maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya maji, sponji laini, glasi moja kwa wakati. Kwenye pambo, gusa na kitambaa, usisugue. Ndimu, amonia, unga wa kusugulia, mashine ya kuoshea na maikrowevu vyote ni marufuku. Na usipachike glasi moja ndani ya nyingine: hukwama, na hukwaruzana kila unapozitenganisha.

Utepe wa rangi ya fedha una siri yake. Ukiingia weusi, ni fedha halisi. Usipoingia weusi miaka yote hiyo, huenda ni madini ya jamii ya platinamu, na kuusugua kwa dawa ya fedha ni kuula bure.

Rangi za mapambo ya enzi hizo zinaweza kuwa na madini yenye sumu ya risasi na kadimiamu, hasa nyekundu, chungwa, njano na kijani. Kipimo ni rula: Marekani, milimita 20 za kwanza kutoka ukingoni huhesabiwa kuwa eneo la midomo. Glasi ambayo pambo la rangi linaingia humo inabaki ya kutazamwa. Vivyo hivyo chupa ya kumiminia ya kioo cha risasi: itumike jioni moja, kisha kinywaji kirudi kwenye chupa yake. Risasi huingia kwenye kinywaji kadiri siku zinavyopita, na pombe iliyokaa humo miezi si ya kumpa mgeni.

Wiki ya 2: ndoo ya barafu na jagi la kuchanganyia

Ndoo ni ya Dansk, kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa 1954 na Ted na Martha Nierenberg, na mbunifu wake ni Mdenmark Jens Quistgaard. Imejengwa kama pipa: vipande vyembamba vya msaji (maseremala wengi husema mtiki) vimeunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, na ndani kuna kikombe cha plastiki. Tazama kitako. Chapa ya bata wanne ni ya miaka ya mwanzo. Zilizotengenezwa baadaye nje ya Denmark huandikwa nchi zilikotoka.

Tatizo ni kiungo kimoja kilichofunguka kwa sentimita 11. Kisababishi ni kile kile siku zote: ndoo ilizamishwa kwenye maji ikanywa, kisha ikakauka karibu na chanzo cha joto. Dawa si kuiloweka ili "ijifunge", kama wengine wanavyoshauri. Itajifunga kwa siku mbili na kupasuka pengine. Gundi isiyoyeyuka kwa maji imesukumwa ndani ya ufa kwa bomba la sindano, kisha ndoo ikafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko sita. Kibano cha chuma hakifai kwenye umbo la duara, na mpira hubana sawasawa pande zote. Gundi iliyotoka ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu papo hapo, la sivyo mafuta hayataingia sehemu ile na itabaki baka jeupe. Saa 24, kisha mpira ukafunguliwa. Mafuta ya kupikia yasipakwe kamwe. Yanachacha na kunata.

Jagi la kuchanganyia ni la mfululizo wa Cylinda-Line, kazi ya Arne Jacobsen kwa Stelton, iliyotoka 1967. Ni chuma kisichoshika kutu, kimekwaruzwa kwa makusudi kwa mistari midogo inayoelekea upande mmoja. Dawa ya kung'arisha hufuta mistari hiyo na kuacha doa linalong'aa kama kioo ambalo halifichiki. Sponji na sabuni, kwa kufuata mistari, basi. Mfululizo huu bado unatengenezwa, kwa hiyo umbo halikuambii umri. Soma chapa ya chini kabla ya kulipa bei ya kitu cha zamani.

Wiki ya 3 hadi ya 6: toroli

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na ni haki yake. Lina trei mbili, fremu ya msaji mtupu, na trei zenyewe ni ubao wa viwandani uliofunikwa vinia (tabaka jembamba la mbao) ya msaji. Vinia za namna hii huwa na unene wa nusu milimita hivi. Mashine ya msasa inaimaliza ukingoni kwa sekunde chache, kisha rangi ya ubao wa chini inachungulia, na hapo hakuna kurudi nyuma. Mashine haikuguswa.

Kwanza viungo. Miguu miwili ilicheza. Gundi ya zamani ilijaribiwa kwa tone la maji ya moto: ikilainika na kunata, ni gundi ya ngozi (iliyotengenezwa kwa ngozi za wanyama), na gundi mpya ya ngozi itashikana nayo. Hii haikulainika, ikaonekana ni gundi nyeupe ya mbao, ambayo gundi mpya haishiki juu yake. Ikabidi viungo vifunguliwe kabisa na kukwanguliwa mpaka mbao tupu. Baada ya kupaka gundi na kubana, pima pembe kwa pembe, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 1, fremu imepinda, na kibano kisogezwe kabla gundi haijashika. Kipimo cha kwanza kilitofautiana milimita 4. Hilo lingeonekana baadaye kama gurudumu moja lisilogusa sakafu, na lawama ingekwenda kwa gurudumu.

Kisha uchafu. Waiti spiriti na stilwaya laini kabisa, namba 0000, kwa kufuata nyuzi za mbao, na kitambaa kibadilishwe kila kinapokuwa cha kahawia. Trei ya juu imehitaji mizunguko mitatu. Alama nyeupe za glasi zilikuwa ndani ya mafuta ya zamani tu, zikaondoka hapo hapo. Pete moja nyeusi haikuondoka. Weusi ni chuma cha kitako cha chombo kilichokutana na tanini ya mbao kwenye unyevu, nao unatolewa na asidi oksaliki: gramu 50 kwenye lita 1 ya maji ya moto, glavu na miwani lazima, na vumbi lake lisivutwe. Kosa la kawaida ni kupaka kwenye pete peke yake. Unabaki na duara jeupe badala ya jeusi. Paka trei nzima kwa usawa, subiri dakika 15, suuza kwa kitambaa na maji safi mara tatu, acha ikauke siku mbili. Nyuzi zitasimama, msasa namba 320 kwa mkono, mikono miepesi, pasi mbili.

Mafuta ya kitani: mkono wa kwanza, dakika 15, futa yote yaliyobaki juu mpaka kitambaa kitoke kikavu. Saa 24. Rudia mara mbili. Yasipofutwa yanaganda kuwa gamba linalonata, na kulitoa ni kuanza upya na spiriti. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visikunjwe wala kutupwa kwenye pipa: vinapokauka hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandazwe nje kimoja kimoja, au viwekwe kwenye kopo la chuma lenye maji.

Kwa wanaofikiria kupakia vitu hivi kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam, mambo mawili. Fanicha nyingi za Denmark za enzi hizo si msaji bali rozwudi ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu kwa jenasi, Dalbergia. Rozwudi hiyo iko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, na haivuki mpaka bila karatasi zake, hata kama kabati lilitengenezwa 1962. La pili ni hewa. Mbao iliyokaa majira ya baridi ndani ya nyumba yenye hita ni kavu mno. Ikifika pwani itavimba, na vinia iliyoshikilia kwa shida itanyanyuka. Kagua kingo na ubandike zilizolegea kabla ya safari.

Hali ya sasa

Glasi 11 zinasubiri rula. Ndoo imekaa wiki tatu bila kiungo kufunguka. Toroli limesimama sawa kwa miguu minne lakini gurudumu moja mpira wake umekauka na kupasuka. La kubadilisha linatafutwa kwa vipimo viwili, kipenyo cha gurudumu na unene wa mhimili, vilivyochukuliwa kwa kalipa kutoka kwenye yale matatu mazima.